Lugha Iliyobaki Mdomoni mwa Mushagalusa

Mushagalusa alikuwa mtu wa maneno, na pale Ndosho, mjini Goma, hakuna jirani aliyekuwa hajui hilo. Miaka yake ya kazi aliimaliza akiwa karani wa depo moja ya kahawa, na kila lugha aliyoijua aliipa kazi yake. Kifaransa kilikuwa cha makaratasi. Lingala ilikuwa ya askari wa barabarani na ya muziki. Kinyarwanda alijifunza kwa ajili ya wakwe zake wa Rutshuru, akakisema vizuri hata mama mkwe akawa anamwita mwanangu. Mashi, lugha ya mama yake, ilikuwa ya simu ya Jumapili na dada yake ng'ambo ya ziwa, na simu hiyo aliipigia nje, karibu na pipa la maji ya mvua, kwa sauti iliyowahamisha hata kuku.

Kiswahili kilikuwa cha Athanasie. Walipokutana, yeye alikuwa msichana wa Rutshuru asiyejua Mashi hata kidogo, na Mushagalusa kijana kutoka Walungu, upande wa Bukavu, ambaye Kinyarwanda kilikuwa bado hakijamwingia. Wakakutana katikati, kwenye Kiswahili, na humo ndani wakaoana, wakagombana, wakalea watoto, wakazeeka. Hakuna siku Mushagalusa alimwomba mkewe chai kwa lugha nyingine.

Halafu asubuhi moja, akiwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia kwenye msumari, wembe ukamwanguka. Athanasie aliusikia ukigonga beseni. Alipofika, mume alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia umelegea kama nguo iliyoloa, nusu ya uso ina povu na nusu haina. Hospitalini daktari akasema ni AVC, yaani kiharusi, damu imeziba kichwani upande wa kushoto. Mungu alisaidia, hakufa. Mguu ulirudi, mkono ukaanza kurudi, mdomo uliokuwa umepinda ukanyooka. Lakini mdomo ulipofunguka ili useme, ulisema Mashi.

Nayo haikuwa Mashi ya kumwagika kama ile ya kwenye simu. Lilikuwa neno hapa, neno pale. Aliomba maji, aliita mama, alitaja kitu kingine ambacho muuguzi mmoja Mushi, mtu wa lugha hiyo, alisema ni blanketi. Athanasie alikuwa anaelewa salamu tu, zile alizojifunza akienda kwa wakwe wakati wa sikukuu.

"Baba Mirindi," alimwambia siku ya kwanza, "unataka nini? Niambie."

Mushagalusa alimtazama sana. Akafungua mdomo, pakatoka vipande visivyo vya lugha yoyote, kama makombo ya mkate. Akajaribu tena. Ikatoka Mashi. Akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtoka kwa hasira, na Athanasie naye akalia, akajiambia kwamba basi, Kiswahili kimekwisha ndani ya mume wake. Tangu siku hiyo akaanza kumsemesha kwa mikono, kama mtu anavyofanya na mtoto mchanga: anaonyesha sahani, anaonyesha mlango, anaweka mikono shavuni maana yake lala. Majirani waliokuja kumjulia hali walipiga kelele, kana kwamba ugonjwa umemkaa masikioni.

Waliporudi nyumbani, Mirindi, kijana wao mkubwa anayefanya kazi ya ofisi kule Himbi, alimpigia shangazi yake simu. Shangazi huyo, Cibalonza, alifika na boti ya asubuhi kutoka Bukavu, amebeba kidumu cha njano cha kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwao, na kikapu cha maharage mabichi. Ni mwanamke mrefu, mkubwa kwa Mushagalusa, anayetembea kama mtu anayefunguliwa njia. Hakukaa kwanza. Alienda moja kwa moja kitandani, akamshika ndugu yake uso kwa mikono miwili, akamsemesha Mashi.

"Mama," Mushagalusa alijibu kwa Mashi, na neno lingine, na lingine.

Cibalonza alilia mpaka akaketi. Alipomaliza kujifuta na kikwembe, kile kitenge alichojifunga kiunoni, akageuka.

"Mama Mirindi, umeona mwenyewe? Mutoto wa mama yangu amerudi kwetu."

"Dada, hakwenda popote. Ni ugonjwa tu."

"Ugonjwa unachagua? Mbona haukubakisha Kifaransa, alichofundishwa kwa fimbo? Mbona haukubakisha Kinyarwanda chenu? Umebakisha Mashi. Kichwa cha mutu kinajua kwao. Mimi Jumamosi napanda naye boti. Kule Walungu kila mutu atamuelewa, hata mbuzi."

"Na mimi je?"

"Wewe utakuja kumuona. Lakini hapa nani atamusikiliza? Wewe? Unajua kusalimia na kushukuru. Mutu mukubwa hawezi kuishi kwa salamu."

"Nitajifunza."

"Na meno gani?" Cibalonza akacheka, si kwa ubaya, ila ndivyo alivyo. "Bibi wa wajukuu aanze masomo!"

Maneno hayo yote yalisemwa kwa Kiswahili, kwa sababu Cibalonza na Athanasie hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania, na yalisemwa juu ya kitanda cha Mushagalusa, mmoja huku na mwingine kule, kama wanawake wanaokunja shuka pamoja. Walijadili koti lake la kijivu kama linafaa kwa baridi ya Walungu. Walijadili nani atamwogesha. Athanasie, katika kumtetea, alifika kusema kwamba mume wake sasa amekuwa kama mtoto mchanga na mtoto mchanga hasafirishwi kwenye upepo wa ziwa. Mushagalusa akageukia ukuta.

"Amechoka," alisema Cibalonza.

"Ni kweli, amechoka," alisema Athanasie, na kwa siku ile hilo ndilo pekee walilokubaliana.

Lakini Athanasie alipokuwa akipepeta mchele kwenye uwanja, lile swali lilimrudia: kwa nini Mashi? Kama kichwa cha mtu kinachagua cha kushika nyumba inapoungua, na cha kwake kimeshika lugha ambayo yeye Athanasie hayumo, basi maisha yao yote ya pamoja yalikuwa nini? Chaki ya ubaoni? Aliona aibu kumwonea wivu mama mkwe aliyekufa zamani. Alimwonea hata hivyo. Na Jumamosi ilikuwa inakuja, na kumkatalia dada mkubwa wa mume si jambo dogo. Katika ukoo ule Cibalonza ndiye aliyekuwa amebaki kama mzazi. Akisema twende, inabidi mtu awe na neno zito la kumzuia, na Athanasie hakuwa nalo.

Ijumaa mchana Mirindi alikuja na mgeni, msichana mfupi mwenye miwani aliyeshuka kwenye pikipiki akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, maana kamba yake ilikatika kwenye mawe ya barabara yao. Aliitwa Mademoiselle Dancille. Mirindi alieleza kwamba anafanya utafiti chuo kikuu juu ya namna lugha inavyokaa ndani ya ubongo wa mtu, na tena anazunguka kwa wagonjwa kama baba, kuwasaidia waweze kusema tena.

Athanasie alitegemea atoe mashine. Dancille aliomba kijiko, ufunguo, kipande cha sabuni na kikombe.

"Vya kwenu wenyewe, mama. Vile anavyovijua."

Akavipanga kwenye kiti mbele ya Mushagalusa, naye akakaa chini kabisa kwenye mkeka ili macho yao yalingane.

"Muzee, mimi ni Dancille," alisema kwa Kiswahili. "Nitasema polepole. Hulazimiki kunijibu kwa mdomo."

"Binti yangu," Cibalonza akaingilia, "unachoka bure. Hasikii Kiswahili. Iliondoka."

"Nani alimupima, mama?"

Cibalonza alimtazama Athanasie. Athanasie alimtazama Mirindi. Hakuna aliyempima.

"Muzee, gusa kijiko."

Mkono wa kushoto wa Mushagalusa ukagusa kijiko.

"Sasa weka ufunguo ndani ya kikombe, halafu unipe sabuni."

Ufunguo ulilia ndani ya kikombe. Sabuni ikafika mkononi mwa Dancille. Athanasie alishika ukingo wa kitanda. Dancille akamwomba naye aseme kitu kwa Kinyarwanda, na Athanasie akamwambia mume wake akipindue kikombe. Kikapinduliwa, ufunguo ukaanguka sakafuni. Kisha Dancille akauliza kwa Kifaransa nani ndani ya nyumba hii ni mkubwa kuliko wote, na Mushagalusa akanyoosha kidole kwa dada yake kwa furaha isiyofichika.

"Ona huyu!" alisema Cibalonza. "Hata mugonjwa ananizeesha."

Wakacheka. Halafu kicheko kikaishia njiani, kwa sababu jambo lile liliwafikia Athanasie na Cibalonza pamoja. Alikuwa anasikia. Boti, Jumamosi, koti la kijivu, nani atamwogesha. Mtoto mchanga. Wiki nzima walikuwa wamemjadili juu ya kichwa chake kama mbuzi wa sokoni, naye alikuwa pale, anaelewa kila neno, hana mdomo wa kuwajibu.

"Mama yangu," Athanasie alisema polepole. Cibalonza alijifunika mdomo na kikwembe.

"Kusikia lugha ni kazi moja na kuitoa ni kazi ingine," Dancille alieleza. "Ndani ya kichwa haviko mahali pamoja. Mulikuwa hapa Goma wakati volkano ilikata muji?"

"Tulikuwa hapa," alisema Athanasie. "Moto ulipita karibu na soko, tukawaacha shemeji upande wa pili."

"Nyumba za shemeji ziliungua?"

"Hapana, zilibaki. Barabara ndiyo ilifunikwa."

"Basi, ni vile. Kiswahili cha muzee kiko, hakikuungua. Barabara ya kukileta mdomoni ndiyo ilifunikwa. Watu walifanya nini siku ile? Walianza kupita juu ya mawe yakiwa bado ya moto kidogo, wakafungua kanjia. Leo magari yanapita hapo."

Athanasie aliuliza lile lililokuwa limemkaa moyoni. Aliuliza kwa sauti ndogo, akitazama sabuni.

"Kwa nini Mashi sasa? Ni kwamba moyo wake ulirudi kwa mama yake?"

Dancille alivua miwani, akaifuta kwenye blauzi.

"Sisi tunaosoma mambo haya hatujui yote, mama. Kuna wagonjwa wanaanza na lugha ya utoto. Wengine wanaanza na ile waliyotumia zaidi siku za mwisho. Nilimuona baba mumoja aliyerudi na Kifaransa, na Kifaransa alikuwa anakichukia. Ubongo hauombi moyo ruhusa. Usisome barua ndani yake, haimo."

Athanasie alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua bidon ya maji kutoka mgongoni.

"Na hii safari ya kesho," Dancille akaendelea, "mumemuuliza mwenyewe?"

Athanasie akaokota ufunguo sakafuni.

"Basi mama, umuulize wewe. Kwa Kiswahili, kama siku zote. Ila sheria ni moja: akianza kutafuta neno, hakuna wa kumusaidia. Tunangoja."

Athanasie alisogea, akakaa ukingoni mwa kitanda mahali ambapo mguu wake uligusana na wa mume wake. Akaacha mikono yake ipumzike mapajani, haikuonyesha kitu.

"Baba Mirindi, dada anataka kukupeleka kwenu Walungu. Ni kwa upendo. Unataka kwenda, ao unataka kubaki hapa na mimi?"

Mushagalusa alifungua mdomo. Neno la kwanza la Mashi likatoka. Akakwama hapo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Cibalonza akavuta hewa ili ammalizie, Dancille akainua kidole, Cibalonza akaimeza hewa yake. Nje chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilipita ikipiga kelele kwenye mawe, ikaenda mpaka ikanyamaza, na yeye bado anatafuta. Kuku mmoja aliingia, akatazama kikombe, akatoka. Neno la pili likaja. Kisha mengine, yakifuatana kwa mbali, kila moja likikokotwa peke yake. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemjaa usoni, akaegemea mto, akamtazama dada yake. Maana katika nyumba ile Cibalonza peke yake ndiye aliyeelewa, na Mushagalusa alikuwa pale akisikiliza atatafsiriwa namna gani.

Athanasie alitazama uso wa wifi yake, lakini hakuweza kuusoma. Cibalonza alifungua kikwembe chake kiunoni, akakifunga upya, akakaza fundo.

"Amesema hivi: si muhogo."

"Si nini?" aliuliza Mirindi.

"Si muhogo! Si muhogo wa kupakiwa kwenye boti, ndiyo maana yake, mimi namujua." Akakohoa. "Akasema: nyumba, hapa. Akasema: muke, huyu."

Athanasie aliushika mkono wa kulia wa mume wake, ule mzito, akauweka juu ya goti lake.

"Na lile la mwisho, shangazi?" aliuliza Mirindi. "Kulikuwa na ingine."

"Akasema: wewe, maneno mingi." Cibalonza akatoka nje.

Athanasie alimpa muda, kisha akamfuata na kiti. Cibalonza alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, ameupa mlango mgongo.

"Kaa, dada."

"Sikukasirika."

"Najua. Kaa tu."

Akakaa. Alitazama maji ndani ya pipa.

"Aliposema mama, alisema kama tulivyokuwa tunasema tukiwa wadogo. Unanisikia, Mama Mirindi? Sauti ile ile. Kwetu tumebaki mimi na yeye. Kule nyumbani wajukuu wananijibu kwa Kiswahili, na simu ni Jumapili tu. Nikasema, Mungu ameniletea mutu wa kusema naye."

Athanasie hakuwa amefikiria hilo. Wiki nzima aliona mwanamke aliyekuja kuchukua, na kumbe mwanamke yule naye alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye.

"Basi usiende kesho," alisema. "Baki. Useme naye, na mimi unifundishe."

"Wewe? Na meno gani?"

"Na haya yaliyobaki, dada. Wewe mwenyewe una mangapi?"

Cibalonza alimgeukia, akamtazama kutoka kitambaa cha kichwani mpaka kandambili. Halafu akacheka kwa sauti kubwa, kuku wakahama.

Masomo yalianza juu ya kikapu cha maharage. Cibalonza alikuwa mwalimu mkali. Athanasie akikosea, anarushiwa ganda. Lakini lugha ile haikuwa ukuta kama alivyoogopa. Maneno mengine yalifanana na ya Kinyarwanda kama watoto wa ndugu, uso mmoja, ila mwendo tofauti. Mengine yalimtoroka kila asubuhi, akaanza tena. Dancille alipopita aliwaambia kwamba ubongo wa mtu aliyezeeka unajifunza polepole lakini unajifunza, na kwamba Athanasie asihangaike na kusema, asikie kwanza. Hilo Athanasie alilielewa bila kuelezwa mara mbili. Amelea watoto na wajukuu. Alishaona mtoto ambaye hajasema hata neno moja anatumwa kiatu na analeta kiatu. Lugha inaingia kabla ya kutoka. Naye akakubali kuwa mtoto, ukubwani, nyumbani kwake.

Wakapata njia yao. Yeye alisema Kiswahili, Mushagalusa akajibu Mashi, na asichokielewa aliomba kirudiwe. Aliacha kabisa kumwonyesha sahani kwa kidole. Majirani nao walifundishwa kungoja. Jirani mmoja aliyezoea kummalizia mzee maneno, Athanasie alimwekea kidole mdomoni kama Dancille, na jirani akaona ajabu jinsi mzee anavyofika mwenyewe akiachiwa barabara.

Cibalonza alikaa mpaka maharage ya shamba lake yalipotaka kuvunwa. Siku ya kuondoka, pale bandarini, alimwambia wifi yake maneno marefu ya Mashi, kwa haraka, bila kumwonea huruma, na Athanasie akamjibu kwa Mashi kwamba amesikia, ampelekee wote salamu, na apunguze sauti, watu wanageuka.

Sasa alasiri nyingi, mvua inapogonga mabati na kazi za ndani zimeisha, Mushagalusa anasimulia. Anasimulia mambo ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia, mambo ya kule Walungu, ya utoto, yaliyotokea kwa Mashi na ambayo kwa miaka yote hayakuvuka kuingia kwenye Kiswahili. Jana ilikuwa habari ya ndama ambaye yeye aliachiwa amchunge. Ndama aliingia kwenye shamba la viazi la katekista, na Cibalonza, aliyekuwa msichana mkali tayari, alimfuata ndama na ndugu yake kwa fimbo moja. Maneno yalikuja yakipumzika. Athanasie alikuwa anashona kifungo cha lile koti la kijivu, anashika neno, anaacha moja, anashika mawili. Akasikia viazi, akasikia fimbo, akasikia katekista akianguka, na akaanza kucheka.

Mushagalusa akainua mkono wa kulia, ule mzito, mpaka usawa wa kifua.

"Bado," akasema.

Athanasie alilisikia neno hilo likipita. Lilikuwa la Kiswahili, limetoka lenyewe bila kutafutwa, na mwenye nalo hakujua kwamba amelisema. Alitamani kuita Mirindi, kuita majirani, kupiga simu ng'ambo ya ziwa. Lakini mume wake alikuwa ameshafungua mdomo kutafuta neno linalofuata, kwa hiyo aliweka sindano chini, akangoja.